Wifi Yangu na Baiskeli ya Chuma

Wifi yangu alikuja kuishi kwetu ndoa yake ilipofika mwisho, na alikuja kwa baiskeli. Nilikuwa uani naanika nguo nilipomwona anaingia getini, begi limefungwa nyuma kwa mpira wa tairi, kijasho chembamba kinamtoka kwenye paji la uso. Nilipomwuliza kama kuna mizigo mingine inakuja nyuma, alisema mizigo ndiyo hiyo, akaegemeza baiskeli ukutani, akauliza kama chai ipo. Hakusema neno baya juu ya mumewe siku ile, na mpaka leo sijamsikia akisema.

Tulimpa chumba cha nyuma, kile nilichokuwa nawekea cherehani na magunia ya vitambaa, maana mimi ni fundi wa nguo na nashonea nyumbani. Cherehani ikahamia sebuleni, na wifi akahamia chumbani na baiskeli yake. Mume wangu, ambaye ni mdogo wake, alipendekeza baiskeli ikae stoo ya nje pamoja na majembe. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia ni wazo zuri, kisha akaiingiza chumbani. Ndivyo walivyokuwa wakielewana wale wawili tangu utoto. Yeye ni dada mkubwa, alimbeba mgongoni, alimfunga kamba za viatu, na sijui mwanamume anatakiwa afike umri gani ndipo aweze kumwamuru mtu aliyemfuta kamasi.

Baiskeli yenyewe aliinunua zamani kutoka kwa mhandisi mmoja aliyekuja kujenga daraja, akamaliza kazi, akauza kila alichokuwa nacho kabla ya kuondoka. Wakati ule ilikuwa kitu cha kutazamwa. Baiskeli ya milimani, watu walisema, huku wakiinama kuzikagua gia zake. Ilipofika kwetu ilishakula chumvi. Fremu ni chuma kitupu, rangi ya zambarau imebanduka mabaka mabaka, magurudumu ni madogo kuliko yanayopendwa siku hizi, springi haina mbele wala nyuma, na breki ni zile za vipande viwili vya raba vinavyobana rimu ya gurudumu. Ukiipandisha kwenye jiwe, jiwe lile linakufikia mpaka kwenye meno.

Kazi yake ilikuwa udobi wa hospitali. Ukisikia dobi usifikirie beseni na kamba. Ni ukumbi mzima nyuma ya jengo la upasuaji, mashine ndefu kama makabati zinanguruma kutwa, mvuke umetanda, na harufu ya dawa ya kutakasia inamfuata mtu mpaka nyumbani hata akioga. Mashuka yaliyolowa yana uzito wa kutisha. Yanapakiwa kwenye vitoroli vya chuma na kusukumwa toka mashine za kufulia hadi za kukaushia, toka hapo hadi kwenye pasi kubwa ya mvuke, kisha kuzungushwa wodini, na njia ya kwenda wodini ni ya kupanda. Kukunja shuka ni kazi ya watu wawili, mmoja huku na mmoja kule. Mwenzake wa upande wa pili alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye wifi alimwita Jirani kwa sababu kwa miaka mingi walikuwa wametenganishwa na shuka tu. Miguu ya wifi ilijengwa na vitoroli vile, pamoja na ile baiskeli aliyokuwa akiiendesha kwenda kazini na kurudi, jua liwake, mvua inyeshe.

Mashindano aliingia kwa bahati. Jumapili moja alitoka zamu ya asubuhi, akashika njia ya nyumbani, ile inayopita kando ya msitu wa misonobari. Siku hiyo kulikuwa na mbio za baiskeli za milimani, na yeye hakuwa na habari. Mtu mmoja mwenye kibendera alimwona mwanamke anakuja mbio juu ya baiskeli, akamwonyesha kwa mkono aingie kulia, msituni, akamhimiza kwamba walio mbele hawako mbali. Wifi alidhani barabara imefungwa na ile ni njia ya mchepuko. Akaingia. Mbele kidogo akamkuta mwanamume mwenye nguo za kubana na helmeti inayong'aa, ameshuka, anasukuma baiskeli kwenye mwinuko. Akampita. Akamwona mwingine, akampita na huyo. Alituambia kwamba hapo alishaelewa kuwa si mchepuko.

"Sasa mbona hukurudi?" nilimwuliza.

"Nirudi wapi, wifi, na mbele yangu kuna mtu?"

Alifika kwenye mstari wa mwisho amevaa sare yake ya kijani ya hospitali, viatu vya kazi, na bakuli la chakula cha mchana linagongagonga ndani ya mkoba. Waamuzi wakamtafuta namba kifuani. Akawaambia namba hana, ametoka kazini. Wakacheka, wakampa maji, na mmoja wao akamweleza kwamba mwaka ujao mtu yeyote anaweza kujiandikisha. Kwetu alifika chakula kimeshapoa, tope mpaka kwenye nyusi, anacheka peke yake kama mtu aliyesimuliwa kichekesho njiani.

Mume wangu hakucheka. Yeye ni mwalimu wa udereva, mtu wa kioo cha pembeni na mkanda wa usalama, na nusu ya mtaa imejifunza gari mikononi mwake. Alisema mwanamke wa umri ule akivunjika nyonga, nyonga haiungi tena vizuri. Alisema pia, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba watu wataongea, na yeye ndiye atakayeulizwa. Wifi akamwambia aulizwe tu, majibu anayo.

Tatizo ni kwamba majibu hatukuwa nayo. Kila mtu alimtafutia sababu. Mimi nilifikiri ni ndoa, kwamba anakanyaga pedali ili asikae kuwaza. Jirani wa dobini alifikiri anataka kupungua, ingawa hakuwa na cha kupunguza. Mume wangu alifikiri ni ukaidi, maana ndio ugonjwa wa ukoo wao, na anaujua kutoka ndani. Siku moja nilikuwa nampima kiuno ili nimshonee suruali ya mashindano, yenye sponji mahali panapohitaji sponji, nikaamua kumwuliza ana kwa ana. Alifikiri kidogo, mikono kaiinua juu kama aliyekamatwa.

"Napenda kumpita mtu," alisema.

"Basi?"

"Basi."

"Na wakikupita wewe?"

"Hilo silipendi hata kidogo. Ndiyo maana lazima nirudi."

Mwaka wa kwanza aliojiandikisha, alipanda vizuri na kuteremka vibaya. Alirudi ameacha ngozi ya kiwiko msituni, na kwenye orodha ya waliomaliza walimtafuta kuanzia chini. Mwaka uliofuata alisogea. Wenzake wakaanza kumfahamu, wakampa jina la Mama Chuma. Lilianza kama utani, maana pale kwenye mstari wa kuanzia zilijipanga baiskeli za kisasa, nyepesi, ndefu, zenye springi huku na huku, na katikati yao imesimama ile ya zambarau kama shangazi aliyekuja kwenye picha ya darasa. Vijana walikuja kupiga picha nayo. Mmoja alimwuliza kama inatumia mafuta ya taa. Wifi alijitia hamnazo, lakini mlima ulipoanza alimtafuta kijana yule kwa macho, akampata, akampita. Hilo alinisimulia mara nyingi, na kila mara mlima ulikuwa mkali zaidi.

Katika wanawake, aliyeshinda mara zote alikuwa mfamasia, binti wa hospitali ile ile, yule wa dirisha la dawa. Baiskeli yake ilikuwa nyeusi, ya kaboni, nyepesi kiasi cha kuinuliwa kwa vidole. Ina springi mbele na nyuma, magurudumu makubwa, breki za diski, na kiti kinachoshuka chenyewe ukibonyeza kitufe. Mtu angetegemea awe na maringo. Hakuwa nayo. Alimwamkia wifi shikamoo hata kwenye mstari wa kuanzia, na siku moja alimfuata dobini, akasimama katikati ya mvuke na koti lake jeupe, akamwomba wafanye mazoezi pamoja Jumamosi.

Tangu hapo Jumamosi zikawa zao. Binti alimfundisha namna ya kuteremka: kurudisha makalio nyuma ya kiti, kulegeza viwiko, kutazama mbali badala ya kutazama jiwe linalokutisha. Wifi naye alimtoa jasho kwenye kupanda, bila kufundisha chochote, kwa kuwa mbele yake tu. Nilikuwa nawasikia wakirudi, binti anahema getini, analalamika kwamba mama huyu atamtoa roho, na wifi anamjibu kwamba roho haitoki kirahisi hivyo, yeye anayafahamu mambo ya hospitali.

Kisha akatokea mwenye duka la baiskeli. Alikuwa amesikia habari za Mama Chuma, akampa baiskeli ya kisasa aipande kwenye mashindano yanayokuja, bila masharti zaidi ya kuirudisha ikiwa safi. Wifi aliichukua, akaenda nayo msituni alasiri nzima. Jioni aliingia jikoni akakaa kwenye kigoda, macho yamemtoka.

"Wifi, leo nimeendesha kitanda."

Aliisifu mpaka wali ukaiva. Mizizi inapita chini huko bila kukugusa. Breki unaigusa kwa kidole kimoja nayo inasimama kama imeitwa jina. Kwenye mteremko ambao siku zote anauteremka akiwa ameuma meno, leo alijikuta anatazama ndege. Mimi nilishahesabu mambo yamekwisha, na mume wangu kwa mara ya kwanza alikaa akasikiliza habari za baiskeli mpaka mwisho, kwa sababu breki ni kitu alichokielewa. Akauliza maswali. Akaenda hadi uani kuzitazama hizo diski, akarudi anatikisa kichwa kwa heshima.

Siku chache kabla ya mashindano, wifi aliifuta ile baiskeli, akairudisha dukani, akarudi kwa miguu.

Mume wangu alikasirika, na si kawaida yake kukasirika na kusema. Alisema kukataa breki nzuri si ushujaa, ni kichwa kigumu. Alisema angekuwa mwanafunzi wake angemshusha garini. Nami, nisifiche, nilikuwa upande wake. Wifi hakubisha.

"Ni bora kuliko yangu kwa kila kitu," alisema. "Sina ubishi. Lakini yangu naijua mpaka inapotaka kukohoa. Tena nikishindwa nayo nina kisingizio. Ile nikishindwa nayo, nitasema nini?"

Tulicheka, hata yule aliyekasirika. Lakini nilikuja kulifikiria neno lile baadaye, nikiwa peke yangu na cherehani. Miaka yote niliyomwona akirudi ameshindwa, hicho kisingizio sijakisikia kikitoka mdomoni mwake. Alisema tu fulani alikuwa na kasi, fulani alijua kukata kona, na yeye alichelewa hapa na hapa. Kama alikuwa anakiweka akiba, basi alikisahau alikokiweka.

Siku ya mashindano mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake. Njia ilikuwa ya kuzunguka mara mbili: mnapanda katikati ya misonobari, mnafuata mgongo wa kilima, mnateremka mahali waendeshaji wanapopaita Ngazi, kwa sababu mizizi imejipanga hapo kama ngazi iliyojengwa na mlevi, kisha mnavuka kijito na kukata uwanja wa shule hadi mwisho. Mume wangu hakuwahi kuja kutazama. Mwaka ule alisema atanisindikiza mimi, kwa sababu ya utelezi. Akachagua tusimame chini ya Ngazi. Nilipomwuliza kwa nini hapo, alijibu kwamba kama ni kuanguka, ataangukia hapo. Alikuwa amevaa viatu vyake vyeusi vya kufundishia, vimeng'arishwa.

Jamaa mmoja karibu yetu alikuwa anapokea habari kwa simu kutoka juu. Akatangaza kwamba wanaume wameshapita mgongo wa kilima, na kwamba upande wa wanawake anaongoza Mama Chuma. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama mti, lakini masikio yalikuwa kwa yule jamaa.

Wa kwanza kutokeza alikuwa mfamasia. Mteremko ulipoanza tu alikuwa amempita wifi. Alishuka kama maji, baiskeli nyeusi inapanda na kushuka chini yake huku yeye mwenyewe ametulia. Nyuma yake tulisikia kabla ya kuona. Ilikuwa sauti ya droo ya vijiko inayotikiswa. Wifi akatokea, mikono yote miwili imeng'ang'ania breki, mashavu yanatetemeka, meno nje. Wawili walimpita hapo hapo Ngazini, mmoja kila upande, kama wamekubaliana. Alipita mbele yetu bila kutuona.

Nikatazama chini. Mguu wa kulia wa mume wangu ulikuwa unakandamiza tope, unaachia, unakandamiza tena. Gari la mafunzo lina breki nyingine upande wa mwalimu, na yeye ametumia hiyo breki miaka na miaka. Kiatu kilikuwa kimezama mpaka kwenye kamba.

Mzunguko wa pili wifi aliwapata wale wawili kwenye kupanda, akawapita, akafika juu akiwa wa pili, na mgongo wa binti akiuona kwa mbali. Yaliyotokea huko juu alitusimulia mwenyewe. Tope la siku ile lilikuwa na mchanga, na mchanga ulikuwa umezila raba za breki kidogo kidogo. Akiwa bado kwenye mgongo wa kilima alibana breki akasikia chuma kinasaga chuma. Alipobana tena, mkono wa breki ulikuja mpaka kwenye usukani na baiskeli ikaendelea na safari zake. Alisimama kwa kuburuza viatu, pale pale mdomoni mwa Ngazi. Nyuma alisikia minyororo ya wanaokuja. Alisema alitamani kukaa chini alie, ila aliona hapakuwa na nafasi.

Sisi tulichoona kutoka chini ni mtu anayeshuka Ngazi kwa miguu, mbio, baiskeli ubavuni, mkono mmoja kwenye kiti na mwingine kwenye usukani, mwili umelalia nyuma, visigino vinachimba. Kuna waliocheka. Wawili wakampita, halafu na wa tatu, wote juu ya baiskeli zao, wakimwomba njia kwa adabu, naye akiwapa. Katikati ya mteremko mguu ulimponyoka. Alikwenda kwa ubavu, baiskeli ikaja juu yake, vikasimama kwenye shina la mti.

Mume wangu alikuwa ameshaanza kupanda. Msimamizi mmoja mwenye kibendera alimzuia, akamweleza kwamba akimgusa tu, ameondolewa mashindanoni. Mume wangu alisimama. Maisha yake yote ni kufuata alama za barabarani, lakini sijawahi kuona alama iliyomgharimu kama ile bendera. Alibaki mikono imening'inia, na pale juu dada yake akajitoa chini ya baiskeli, akautazama mkono wake wa kushoto, akaukunjua na kuukunja, akaokota baiskeli, akaendelea kukimbia. Waliokuwa wanacheka waliacha. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, na mpaka anafika chini msitu wote ulikuwa unaliita jina lake, lile la Mama Chuma.

Chini aliirukia baiskeli, hakupata pedali, akaitafuta. Hapo ndipo aliposikia sauti anayoifahamu ubavuni kwake.

"Dada, mbele ni tambarare," mume wangu alimwambia. "Kanyaga mafuta."

Ni maneno ambayo hajamwambia mwanafunzi yeyote tangu aanze kazi. Wifi aligeuka akamtazama, tope limemjaa uso mzima isipokuwa macho, kisha pedali ikapatikana na akaondoka.

Tulijaribu kukimbia nyuma yake, lakini kwa viatu vile na umri ule tuliishia kijitoni. Tukamwona anakata uwanja wa shule, ameinama, magoti yanakwenda kama sindano ya cherehani. Mbele yake alikuwepo mmoja wa wale watatu, mwenye baiskeli nyeupe, mwanamke mrefu, mwenye nguvu, wala hakuwa amechoka kuliko wengine. Alimpata nusu ya uwanja. Wakaenda bega kwa bega kwa muda, kisha nikaona zambarau imetangulia. Nilipiga kelele peke yangu, kijitoni, viatu mkononi.

Baada ya mstari wa mwisho palikuwa na meza za maji na watu wamesimama. Wifi hakuwa na breki. Alipenya katikati ya watu wawili, akatokea upande wa pili, akaanza kuuzunguka uwanja ili mwendo uishe wenyewe. Watu wakadhani anasherehekea. Wakampigia makofi mzunguko mzima, na wapo waliosema hawajaona mshindi wa nne mwenye furaha kama yule. Mpaka tunafika, alikuwa amekaa kwenye nyasi, binti wa dawa amepiga magoti mbele yake, ameshinda mbio tena na amesahau, anamkagua kifundo cha mkono.

Jukwaa lina nafasi ya watatu, kwa hiyo alitazama zawadi zikitolewa akiwa amekaa palepale, bilauri ya maji mkononi, anapiga makofi kwa kujipigapiga paja. Mwenye duka la baiskeli alikuja, akageuza baiskeli juu chini, akaonyesha mahali raba zilipokwisha na chuma kilipoichana rimu. Akasema, bila kejeli, kwamba kwa breki za diski angekuwa wa pili na hakuna wa kubisha. Nilimtazama wifi, nikingoja. Hapa sasa ndipo kisingizio kilipokuwa mahali pake, tena kimeletwa na mtu mwingine.

"Ni kweli," alisema. Kisha akauliza yule wa tatu alimwacha umbali gani.

Nyumbani aliogeshwa kama mtoto, kwa sababu mkono haukuinuka. Nilimfunga bandeji, nikamletea chakula, akasinzia kijiko kikiwa njiani. Nilipotoka uani nilimkuta mume wangu amekunja suruali, kashika mswaki wa zamani, anasugua tope kwenye mnyororo, jino kwa jino, kwa uangalifu wa mtu anayemwosha mgonjwa. Ile baiskeli aliyotaka kuiweka na majembe. Aliniuliza rimu za ukubwa ule bado zinapatikana wapi. Nilimwambia amwulize mwenye nayo akiamka. Alisema atamwuliza, na kwa kweli hakumwuliza. Alizunguka mjini wiki nzima mpaka akazipata, akaziacha mlangoni kwa dada yake bila kugonga.

Jumatatu wifi alikwenda kazini mkono umevimba. Jirani alishika shuka pembe zote mbili za upande wake, akazunguka akashika na za upande wa wifi, akakunja peke yake huku akilalamika kwamba siku hizi analipwa mshahara wa mtu mmoja. Akamwuliza amekuwa wa ngapi. Wa nne, wifi akasema. Jirani akataka kujua ni wa nne kati ya wangapi.

"Sikuwahesabu," wifi alimjibu. "Nilihesabu wa mbele tu."

Imepita miaka kadhaa. Mara moja amepanda jukwaani, akiwa wa tatu, siku ya jua, na picha ile ipo ofisini kwa mume wangu, ukutani, kati ya alama za barabarani. Wanafunzi wakiiulizia, somo linachelewa kuanza. Mara moja alikuwa wa mwisho kabisa, mnyororo ulikatika, akaja akisukuma mpaka mwisho wakati watu wanakunja mabango. Mfamasia alihamishiwa mji mwingine na bado hupiga simu Jumamosi, wanabishana juu ya milima, ingawa hakuna anayeiona ya mwenzake. Mwenye duka huuliza kila mwaka kama mama amebadili mawazo. Hajabadili, ingawa kila mwaka huomba aipande ile mpya kidogo, alasiri moja tu, halafu anairudisha imefutwa.

Usajili wa mwaka huu umefunguliwa juzi, na jina lake limo. Jana alirudi kutoka msituni ameloa, akasimama mlangoni kwangu akinawa mikono, akanipa habari kwamba kuna mtu mpya, mwalimu wa sayansi, mwanamke mfupi, anayepanda mlima kama mbuzi. Alimfukuza kutoka kijitoni mpaka mgongo wa kilima na hakumpata. Alinieleza yote, mahali mwalimu yule anapobadilisha gia, anavyokaa kwenye kiti, anavyohema. Macho yalikuwa yanamng'aa. Huyo bado hajampita.